Chaja ya zamani haijui betri imejaa

Chaja ya zamani ya betri za gari, ukiichomeka inavuma. Sindano ya ampea inaruka mpaka 5 au 6, inatulia, halafu baada ya saa moja au mbili inaanza kushuka polepole. Wengi wakiona sindano inashuka hudhani chaja inajipunguza yenyewe kwa sababu imehisi betri inakaribia kujaa. Haijahisi kitu. Ndani ya lile sanduku la bati mna transfoma ya kushusha volti za ukutani, daiodi mbili au nne (vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), swichi ya volti 6 na 12, na basi. Hakuna sehemu inayopima na kuamua. Sindano inashuka kwa sababu nyingine kabisa, na ukishaielewa hiyo, maswali mengi yanayoulizwa kuhusu chaja hizi yanajijibu: nilaze betri kwenye chaji usiku kucha? Nichajie betri ya bodaboda? Mbona betri inachemka kama sufuria?

Chukua simtanki lililo juu ya stendi, kama yale yanayosimama nyuma ya nyumba nyingi za Dodoma kungojea zamu ya maji. Bomba limeshuka mpaka chini, likaingilia kwenye kitako cha pipa. Mwanzoni maji yanakwenda kwa nguvu, maana pipa ni tupu na tofauti ya kimo ni kubwa. Pipa likianza kujaa, tofauti inapungua na mkondo unalegea. Lakini simtanki liko juu kuliko mdomo wa pipa, kwa hiyo mkondo hautakoma, pipa litafurika. Chaja ya kisasa imewekewa boya, kama lile la tanki la choo: kimo kikifika, linafunga. Ya zamani haina boya. Boya ni wewe, ukiwa na mita ya kupimia volti mkononi na saa ukutani.

Tuweke tarakimu. Tuseme chaja inasukuma kwa nguvu inayolingana na volti 17, na betri iliyoisha inaipinga kwa volti 13 mara tu chaji ikianza. Tofauti ni 4, na kwa transfoma ndogo hiyo inaweza kutoa ampea 5. Betri ikifika volti 14.4, tofauti imebaki 2.6 na sindano inasoma ampea 3 na ushei. Ikifika 15.5 bado kuna ampea karibu 2 zinazoingia, na hapo betri imekwisha kujaa zamani. Hizo ampea 2 hazihifadhiwi tena. Zinavunja maji yaliyo ndani ya betri kuwa gesi.

Tofauti hiyohiyo ndiyo inayofanya chaja hizi ziyumbe na umeme wa mtaani. Umeme wa TANESCO ni volti 230 kwa kawaida, lakini usiku wa manane, mashine za kusaga zikiwa zimezimwa na majirani wamelala, unaweza kupanda. Ukipanda asilimia 8 tu, zile volti 17 za mfano wetu zinakuwa 18.4, na tofauti na betri ya volti 13 inakuwa 5.4 badala ya 4. Chaji imepanda zaidi ya asilimia 30 wala hukugusa kitu. Kwa hiyo betri iliyokuwa ikichajiwa vizuri saa mbili usiku inaweza kukutwa alfajiri ni ya moto na imepungua maji.

Kabla ya kuichomeka

Chaja iliyokaa stoo miaka kumi haichomekwi hivihivi. Kwanza soma kibandiko. Nyingi zilizoingia na mitumba kutoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120. Plagi zake huwa zimeshabadilishwa na mtu, kwa hiyo plagi ya pini tatu za mraba haithibitishi chochote. Chaja ya volti 100 ikipewa 230 hutoa moshi kabla hujafika kwenye swichi. Kama kibandiko kimefutika na hakuna anayejua, mpe fundi aipime kwanza.

Halafu waya. Mpira wa miaka mingi hukauka, na kwa ukavu wa hewa ya Dodoma hukauka zaidi. Ukunje kwa vidole karibu na pale unapoingia kwenye sanduku. Ukiona nyufa, badilisha waya wote, usifunge utepe. Waya mpya uwe na nyuzi tatu, na ule wa kijani na njano ufungwe kwenye bati la sanduku kwa skrubu, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Sasa kipimo ambacho hakuna sababu ya kukiruka. Chaja ikiwa haijachomekwa na swichi yake imewashwa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ngazi ya juu kabisa. Ncha moja gusa pini ya umeme ya plagi, ya pili gusa klipu nyekundu. Mita isisome kitu. Rudia kwa pini ya nyutro, kisha kati ya kila moja ya pini hizo mbili na bati la sanduku. Ikisoma chochote kwenye vipimo hivi, umeme wa ukutani una njia ya kufika mikononi mwako, na hiyo chaja ni ya kuuzwa kwa wanunua shaba. Kipimo kimoja tu kinatakiwa kisome: kati ya pini ya ethi na bati, ambako omu ziwe karibu na sifuri.

Ethi yenyewe ina jambo lake hapa kwetu. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na kiangazi cha Dodoma huchukua karibu miezi saba, Mei mpaka Novemba. Fimbo ya ethi iliyopimwa Machi ikawa nzuri inaweza kuwa kama haipo ikifika Oktoba. Ndiyo maana watu humwagia maji pale ilipozikwa, na si ujinga. Zaidi ya hapo, hakikisha bodi ya umeme ina RCD ya miliampea 30, ile swichi yenye kitufe cha kujaribia. Inakata umeme unapovuja hata kama ethi ni dhaifu.

Kwenye plagi toa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3. Chaja ya ampea 5 haivuti hata ampea moja upande wa 230, kwa hiyo fyuzi ya 13 itatazama tu transfoma ikiungua. Karatasi ya sigara iliyozungushiwa fyuzi iliyokatika, au uzi wa waya, sina haja ya kuieleza.

Mwisho, ijaribu kwa taa kabla ya kuipa betri. Chukua globu ya taa ya mbele ya gari, volti 12 wati 55, ishike kwenye klipu mbili, washa. Sindano isimame karibu na ampea 4 au 5 na globu iwake sawasawa. Ikiwaka hafifu na sindano ikasoma nusu ya hapo huku sanduku likivuma, daiodi moja imekatika. Ikinguruma kwa nguvu na kuanza kubofya tik, tik, kila baada ya sekunde kadhaa, daiodi imeungana na kinga ya joto ndiyo inayokata na kurudi. Daiodi ni kitu rahisi: ukiitoa na kuipima kwa alama ya daiodi kwenye mita, nzima husoma kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na haisomi kitu upande wa pili. Ikisoma pande zote au isiposoma popote, tafuta nyingine yenye ampea mara mbili ya zile za chaja. Chaja za zamani zaidi, badala ya daiodi zina sahani za mraba zilizopangwa kama mapezi. Hizo ni za seleni. Zikiungua hutoa moshi wenye harufu mbaya ajabu, nao ni sumu. Zima, toka nje, na usijaribu kuzitengeneza.

Betri ya maji na betri kavu

Madukani tunaziita hivyo, ingawa ile "kavu" ndani ina tindikali kama mwenzake. Tofauti ni kwamba haina vifuniko vya kufungua, na maji yakipotea hayarudi. Kwa hiyo betri kavu ndiyo inayoonewa zaidi na chaja ya zamani: kila saa ya kufurika inakata sehemu ya uhai wake, na huoni. Jicho la kijani juu yake lisikudanganye. Linatazama seli moja kati ya sita, yaani chumba kimoja tu kati ya vyumba sita vya betri.

Betri ya maji inasamehe zaidi, mradi maji yatazamwe. Fungua vifuniko sita uchungulie kwa tochi, usichungulie kwa kiberiti. Maji yawe juu ya sahani za risasi zilizomo ndani kwa kama sentimita moja. Kama sahani zimejitokeza, ongeza kidogo tu, zizame. Kujaza mpaka alama ya juu ni kazi ya baada ya chaji, kwa sababu chaji yenyewe inatanua tindikali na mapovu yanaiinua. Anayejaza kwanza hukuta betri imejitapikia, na kilichomwagika ni tindikali iliyotakiwa ibaki ndani.

Maji gani? Yaliyokenekwa, yale ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya betri, si ya kunywa. Soma chupa, maana ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa tindikali ya kujazia betri mpya, na kuongeza tindikali kwenye betri inayotumika ni kuila sahani zake. Maji ya bomba sahau. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa kutoka visima vya Makutupora, na kila mwenye birika anaujua ule utando mweupe unaobaki ndani yake. Madini hayohayo, yakiingia kwenye seli, hayatoki: maji yanapungua na wao wanabaki, wakiongezeka kila unapojaza, na betri inaanza kujimaliza yenyewe ikiwa imekaa tu.

Juu ya betri nako kutazamwe. Vumbi letu likichanganyika na ukungu wa tindikali linakuwa njia ya umeme. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye tamino hasi, ncha nyekundu iguse plastiki ya mfuniko, katikati kabisa, mbali na chuma chochote. Ukisoma volti moja, mbili au zaidi, umeme unatambaa juu ya plastiki usiku na mchana. Osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi, vifuniko vikiwa vimekazwa ili yasiingie ndani, kisha suuza na ukaushe. Ule unga mweupe na wa kijani kwenye tamino unatokana na ukungu huohuo wa tindikali.

Ampea ngapi, saa ngapi

Kipimo cha kale bado ni kizuri: ampea za chaji zisizidi sehemu ya kumi ya ujazo wa betri. Ujazo umeandikwa kwa ampea-saa, Ah. Betri ya 50 Ah ichajiwe kwa ampea 5, ya 70 Ah kwa 7, ukiwa na chaja inayofika huko. Chaja ya ampea 5 kwenye betri kubwa ya 150 Ah haina ubaya, itachukua tu siku yake. Kinyume chake ndicho kibaya.

Saa zinahesabiwa hivi. Pima betri ikiwa imepumzika angalau saa kadhaa bila chaji wala mzigo. Volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 ina robo tatu, 12.2 ina nusu, 12.0 ina robo, 11.8 kushuka chini imekwisha. Tuseme ni ya 50 Ah na inasoma 12.2. Inadai 25 Ah. Ongeza asilimia 20 kwa kinachopotea njiani, ni 30. Chaja inaanza na ampea 5 lakini inashuka, kwa hiyo chukua wastani wa 4. Thelathini kwa nne ni saa saba na nusu. Umeme wa LUKU utakaotumika hapo ni chini ya uniti moja, kwa hiyo hakuna anayeokoa pesa kwa kuchomoa mapema.

Saa hizo ni makadirio. Kinachoamua ni volti. Kuanzia saa ya tano pima kwenye tamino za betri, chaja ikiwa imewaka, kila baada ya nusu saa. Volti 14.4 ndiyo alama: ni 2.4 kwa kila seli, na hapo mapovu huanza kwa nguvu. Betri kavu isimamishe hapohapo. Betri ya maji unaweza kuiacha ichemke taratibu saa moja au mbili zaidi, mapovu yanakoroga tindikali iliyokuwa imetulia chini, lakini usiiachie ipite 15. Alama hii ni ya nyuzi joto 25. Joto likipanda kwa nyuzi 10, ishushe kwa robo ya volti hivi. Mchana wa Novemba, betri ikiwa na nyuzi 35, simamia 14.2. Na ubavu wa betri ukikushinda kuushika kwa kiganja, zima bila kuangalia mita.

Mwenye haidromita, kile kifaa cha kupimia uzito wa tindikali, ana jibu la uhakika zaidi kwa betri ya maji. Tindikali ya seli iliyojaa husoma 1.26 hadi 1.28, iliyokwisha hushuka kama 1.12. Vipimo viwili vilivyopishana saa moja vikiwa sawa katika seli zote, imejaa. Seli moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya 0.05 baada ya chaji nzima, hiyo imeanza kufa.

Umeme ukikatika katikati, betri hairudi nyuma kupitia chaja, daiodi zinazuia. Ila hesabu yako ya saa imeharibika, na umeme ukirudi saa nane usiku chaja itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa anayesisitiza kulaza betri kwenye chaji, dawa ni saa ya soketi, ile ya kuzungusha kwa mkono yenye meno ya robo saa. Ya aina hiyo nayo husimama umeme ukikatika na kuendelea ukirudi, kwa hiyo inahesabu saa za chaji tu. Hapo kitu cha kizamani kinakuwa bora kuliko cha kidijitali.

Iwekwe wapi

Gesi ya haidrojeni inatishiwa kwa maneno mengi na kuelezwa kidogo. Betri iliyojaa ikiendelea kupewa ampea 2 inatoa lita 5 hivi za haidrojeni kwa saa. Kwa saa sita ni lita 30, ndoo kubwa na nusu yake. Kwenye chumba cha kawaida chenye madirisha wazi hiyo inapotea, maana haidrojeni hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa na chumba ni kikubwa. Lakini ifungie betri kwenye sanduku au kabati lenye ujazo wa pipa moja, lita 200, na asilimia 4 inafikiwa chini ya saa mbili. Na sehemu moja ambayo gesi huwa nyingi daima ni ndani ya betri yenyewe na kiganja kimoja juu yake, mahali hasa unapoweka mkono kutoa klipu. Cheche ndogo hapo inapasua kasha na kurusha tindikali usoni. Nyumba haibomoki, macho ndiyo yanayoharibika.

Kwa hiyo: kibarazani, kivulini, mbali na jiko la mkaa, jiko la gesi na wavuta sigara. Isiwe uvunguni mwa kitanda wala jikoni. Vifuniko vya betri ya maji vilegeze lakini viache vimekaa, vizuie matone. Anza kwa klipu, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, soma alama zilizochongwa na si rangi tu kwa sababu rangi hubadilishwa. Ndipo uwashe ukutani. Kumaliza ni kinyume: zima ukutani, subiri dakika kumi gesi iondoke, ndipo utoe klipu. Cheche nyingi hutokea kwa anayenyofoa klipu chaja ikiwa imewaka.

Kuhusu gari, itoe betri. Chaja ya kisasa inaweza kuchaji ikiwa garini, hii ya zamani inatoa umeme unaopigapiga mara 100 kwa sekunde na vilele vyake vinafika volti 18 au 20 klipu ikilegea. Kompyuta ya gari haikutengenezwa kwa hayo. Toa tamino hasi kwanza ndipo chanya, na kwenye kurudisha hasi iwe ya mwisho. Kama gari ni la mzigo la volti 24, lenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa, zitenganishe, uchaji moja moja.

Wazee watakuambia usiweke betri chini sakafuni, itaisha chaji. Ilikuwa kweli kwa makasha ya zamani yaliyopitisha unyevu. Plastiki ya leo haina shida hiyo. Weka kwenye ubao kwa sababu nyingine: tindikali ikidondoka, inakula saruji.

Ndoo ya maji safi iwe karibu, na magadi yaliyokorogwa kwenye kopo. Magadi ni ya sakafu na nguo. Jichoni ni maji peke yake, mengi, kwa dakika 15 au zaidi bila kupumzika, kisha hospitali.

Bodaboda, sola, na nyinginezo

Betri ya pikipiki ina 5 hadi 9 Ah tu. Chaja ya ampea 5 itaichemsha kabla hujamaliza chai. Njia ya mafundi ni globu katikati: waya kutoka klipu nyekundu uingie kwenye globu ya gari ya volti 12, utoke kwenda kwenye tamino chanya. Globu ya wati 21, ya indiketa, itaachia kama ampea 1, inafaa kwa betri ya 9 Ah. Ya wati 10 itaachia karibu nusu ampea, inafaa kwa ile ya 5. Inaanza iking'aa kidogo, inafifia betri inavyojaa, na ikiwa umegeuza nyaya itawaka kwa ukali usio wa kawaida au kuungua. Globu kuungua ni hasara ndogo. Bado pima volti. Globu inapunguza kasi, haijui kusimamisha.

Vijijini, Bahi au Chamwino, swali ni la betri za sola wakati wa mawingu ya Januari: je, ipelekwe mahali penye umeme ikachajiwe kwa chaja ya gari? Betri ya maji ya sola, ndiyo, kwa kanuni hizihizi na kwa muda mrefu zaidi, maana ujazo wake huwa 100 Ah au kupita. Ya jeli, ndiyo kwa shingo upande: isipite volti 14.1, na mtu asiondoke. Ya lithiamu, hapana kabisa. Ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayokata betri ikijaa, na ikikata inabaki peke yake mbele ya vile vilele vya volti 20.

Wala chaja si chanzo cha umeme wa redio, taa za LED au ruta. Bila betri katikati umeme wake unapigapiga, na vifaa hivyo havidumu.

Betri isiyokubali

Mtu amepanda treni ya SGR kwenda Dar, gari limebaki nyumbani na alamu yake. Alamu na saa ya gari zikila miliampea 50, ni 1.2 Ah kwa siku. Wiki tatu ni nusu ya betri ya 50 Ah. Miezi miwili na betri imekauka chaji kabisa, na chumvi ya risasi kwenye sahani imeanza kuwa ngumu kama ukoko. Ukiiweka kwenye chaja, sindano haiinuki, volti zinaruka 15 au 16 papo hapo. Watu husema chaja imekufa. Chaja ni nzima, betri ndiyo inayokataa. Iache na ile globu ya wati 10 katikati kwa siku moja au mbili, ukitazama; ampea zikianza kupanda kidogokidogo na volti kushuka, kuna matumaini. Zisipobadilika, hakuna.

Kinyume chake ni sindano iliyoganda juu kwa saa nyingi, volti hazivuki 13, seli tano zinatoa mapovu na moja imekaa kimya. Hiyo ina sahani zilizogusana.

Ukishazima, usiipime hapohapo. Volti 13 na zaidi unazozisoma dakika hiyo ni za juujuu. Iache mpaka kesho yake, saa 12 zikipita, pima tena. Ikisoma 12.6, irudishe garini. Ikisoma 12.2 baada ya chaji nzima, itawasha gari asubuhi za Oktoba na kukuangusha baridi ya Julai. Ikisoma 10.5, seli moja imekwenda, na hakuna chaja ya zamani wala mpya itakayoirudisha. Wanunuzi wa betri mbovu wanalipa kwa kilo; tindikali yake usiimwage shambani kupunguza mzigo.